Mtoto wa Rais akiandika kwamba atateka mji: ni maneno tu au ni amri?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa Bukoba, napeleka mizigo Kampala kupitia Mutukula, na shangazi yangu ameolewa Masaka. Kila baada ya muda watoto wananionyesha kwenye simu kitu alichoandika Jenerali Muhoozi, mtoto wa Rais Museveni. Mara atateka Nairobi, mara Khartoum, mara amemfungia mtu chumba cha chini nyumbani kwake. Kuna wanaocheka, na kuna wanaosema hiyo ndiyo mipango ya serikali. Naomba unifafanulie: huyu bwana ana mamlaka gani hasa? Maneno yake tuyachukulie vipi? Na kwa nini baba yake hamkanyi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Swali hili huletwa kwangu na wengi, ila wengi huliuliza wakicheka. Wewe umeuliza kama mtu mwenye mzigo njiani na ndugu ng'ambo ya mpaka, na ndivyo linavyostahili kuulizwa.

Nitangulize jibu lenyewe. Tangu Machi 2024 Jenerali Muhoozi Kainerugaba ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Uganda. Hakuna askari nchini mwake aliye juu yake isipokuwa baba yake, ambaye ni Rais na Amiri Jeshi Mkuu. Anachoandika kwenye mtandao wa X hakipiti Baraza la Mawaziri wala Bunge, kwa hiyo hakiwezi kuitwa sera ya nchi. Lakini mwandishi wake ana vikosi, ana magari na ana mahali pa kufungia watu, kwa hiyo huwezi kukiita porojo. Ukitaka kupima uzito wa maneno yake, angalia yamemlenga nani. Yakimlenga jirani mwenye ubalozi na jeshi lake, mara nyingi hufutwa au huombewa radhi na mambo yakaendelea. Yakimlenga Mganda wa upinzani aliye ndani ya Uganda, yameshaacha makovu kwenye miili ya watu.

Tuanze na Nairobi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyosikika mbali zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2022, wiki tatu tu baada ya William Ruto kuapishwa, Muhoozi aliandika kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki 2 kuiteka Nairobi. Alisikitika pia kwamba Uhuru Kenyatta hakugombea muhula wa 3, jambo ambalo Katiba ya Kenya hairuhusu. Wakati huo alikuwa Luteni Jenerali na Kamanda wa Majeshi ya Nchi Kavu, yaani mwenye askari na vifaru chini yake. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda ililazimika kutoa taarifa kwamba serikali haiendeshi mambo yake ya nje kwa mitandao ya kijamii. Tarehe 4 Oktoba Museveni alimwondoa kwenye ukamanda wa nchi kavu, na papo hapo akampandisha kuwa Jenerali kamili. Kesho yake akawaomba radhi Wakenya kwa maandishi, akasema si sahihi mtumishi wa umma, raia au mwanajeshi, kuingilia mambo ya ndani ya nchi ndugu. Akaeleza pia kwamba amempandisha cheo kwa sababu kosa hilo ni upande mmoja tu wa utumishi wake, na mazuri aliyofanya ni mengi.

Watu wengi waliisoma habari hiyo kama zawadi kwa kosa. Mimi naona kulikuwa na mambo mawili ndani yake, na tusiyachanganye. Jeshini cheo kiko begani na ukamanda uko mkononi. Jenerali asiye na kikosi hawezi kumtuma askari popote, na kwa muda ule Muhoozi alibaki na nyota 4 bila kikosi. Hilo lilikuwa karipio halisi, na Nairobi ililielewa hivyo. Tatizo langu ni kilichofuata. Haikupita hata miezi 18 akarudishwa, tena juu kuliko alipotolewa: tarehe 21 Machi 2024 akawa Mkuu wa Majeshi, akichukua nafasi ya Jenerali Wilson Mbadi, ambaye alifanywa waziri wa nchi anayeshughulikia biashara. Usiku huohuo baraza jipya la mawaziri lilipotangazwa, watu wa karibu wa Muhoozi waliomo kwenye kundi lake la kisiasa nao walipewa unaibu waziri. Karipio la 2022 likawa limefutika.

Wewe wa Kagera sihitaji kukufundisha kwa nini neno "kuteka mji" halipiti hivi hivi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kyaka, na Amin hakuangushwa mpaka majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Sisemi kwamba tunarudi huko. Ninasema tu kwamba eneo letu lina kumbukumbu, na kiongozi wa jeshi anajua maneno yake yanasomwa na watu wenye kumbukumbu hiyo.

Khartoum ilikwenda njia ileile ya Nairobi. Desemba 2024 aliandika kwamba wanamsubiri Donald Trump aingie madarakani, na kwa msaada wake wangeiteka Khartoum. Wizara ya Mambo ya Nje ya Sudan ikadai radhi rasmi, na maandishi yakafutwa. Hakuna askari wa Uganda aliyesogea hata hatua moja kuelekea kule.

Bunia ni habari nyingine, na hapa nakuomba uwe makini. Februari 2025 alitoa saa 24 kwa makundi yote yenye silaha katika mji huo wa Ituri, mashariki ya Kongo, kuziweka chini, la sivyo yangeshambuliwa. Siku tatu baadaye wanajeshi wa Uganda walikuwa Bunia kweli. Lakini jeshi la Uganda lilikuwa tayari ndani ya Kongo tangu tarehe 30 Novemba 2021, katika Operesheni Shujaa dhidi ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda, operesheni ambayo Muhoozi mwenyewe aliisimamia alipokuwa kamanda wa nchi kavu, na msemaji wa jeshi alisema waliingia Bunia kwa makubaliano na jeshi la Kongo. Mpango ulikuwepo kabla ya maneno. Kwa hiyo akitaja mahali ambapo jeshi la Uganda lina kambi, msikilize. Akitaja mahali ambapo halina hata hema, subiri tamko la wizara.

Sasa mamlaka yake yametoka wapi? Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 24 Aprili 1974, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa utawala wa Amin. Baba yake alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye alifundisha Chuo cha Ushirika Moshi. Utoto wa Muhoozi ulipita Tanzania, Kenya na Sweden kabla baba yake hajaingia Ikulu Januari 1986. Akasoma shule kubwa za Uganda, kisha Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Aliingia jeshini 1999, akahitimu chuo cha kijeshi cha Sandhurst mwaka 2000, baadaye akapata mafunzo Misri na katika chuo cha maofisa cha Fort Leavenworth, Marekani. Tusimnyime haki yake: hiyo ni elimu halisi ya kijeshi, na maofisa wengi wa Afrika hawakuipata.

Lakini tazama alikowekwa. Mwaka 2008 alikabidhiwa kikosi maalumu, ambacho baadaye kilipanuliwa kikawa Kamandi ya Vikosi Maalumu. Kazi ya hao ndio kumlinda Rais na familia yake, kulinda maeneo nyeti ya nchi kama visima vya mafuta, na kufanya operesheni ngumu nje. Wana silaha bora na mafunzo bora kuliko vikosi vya kawaida. Akawa Brigedia 2012, Meja Jenerali 2016, Luteni Jenerali 2019. Aliondolewa pale Januari 2017 akafanywa mshauri wa Rais, akarudishwa Desemba 2020, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa Januari 2021. Maofisa waliopigana msituni Luwero, kwenye vita iliyomweka Museveni madarakani kabla mwanawe hajafikisha miaka 12, walimwona akiwapita.

Kwa nini kikosi cha ulinzi wa Rais kiwe mkononi mwa mtoto? Majirani wa Afrika wanatupa jibu. Gabon, Agosti 2023, aliyempindua Ali Bongo, naye mtoto wa rais, alikuwa mkuu wa kikosi kile kile cha kumlinda. Chad, Aprili 2021, Idriss Déby alipouawa, mwanawe Mahamat aliyekuwa jenerali kwenye ulinzi wa baba yake ndiye aliyekalia kiti siku ileile, akiongoza baraza la kijeshi. Togo mwaka 2005 jeshi ndilo lililomweka Faure Gnassingbé baada ya baba yake kufariki. Rais aliyekaa madarakani miaka mingi humwogopa aliye mlangoni kuliko aliye porini, na mlangoni humweka damu yake. Sitaki ulielewe hili kama jambo la mapenzi ya mzazi tu. Ni hesabu ya usalama, na Museveni ni mtu wa hesabu.

Mwaka 2013 hesabu hiyo ilisemwa hadharani na mtu wa ndani. Jenerali David Sejusa, aliyekuwa mratibu wa idara za usalama, aliandika barua akitaka uchunguzi wa madai kwamba kuna mpango wa kuwaua viongozi wanaopinga Muhoozi kumrithi baba yake. Serikali ilikanusha. Muhoozi naye alikanusha, akasema Uganda haina ufalme wa mtu kumrithisha mwanawe. Gazeti la Daily Monitor lilipochapa habari za barua hiyo, polisi waliizingira ofisi yao, na ya Red Pepper pia, wakazifunga kwa siku kama 10. Sejusa akaenda kuishi Uingereza. Miaka 10 baadaye, Machi 2023, Muhoozi aliandika mwenyewe kwamba atagombea urais 2026. Alikuwa bado ofisa wa jeshi mwenye sare, ana kundi lililoanza kwa jina la MK Movement, likaja kuitwa Patriotic League of Uganda, na sherehe zake za kuzaliwa za 2022 zilizunguka miji kama mikutano ya kampeni. Septemba 2024 akajiondoa, akasema anamuunga mkono baba yake. Museveni alisimama mwenyewe Januari 2026 na kutangazwa mshindi.

Hapa ndipo ninapokasirika, na nitakuambia kwa nini. Katiba ya Uganda, ibara ya 208, inasema jeshi lisifungamane na chama chochote na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Sheria ya jeshi inamkataza askari aliye kazini kufanya siasa za vyama. Sheria hizo hazikulala kabatini, zimetumika kwa ukali sana. Kanali Kizza Besigye alipoandika waraka wa kukosoa uongozi mwaka 1999, alitishiwa mahakama ya kijeshi kwa kuyasema hayo nje ya vikao vya jeshi. Brigedia Henry Tumukunde alipozungumza redioni mwaka 2005 dhidi ya kufutwa kwa ukomo wa mihula, alikamatwa, akalazimishwa kuacha kiti chake cha ubunge, na kesi yake ikaburuzwa mpaka 2013 alipotiwa hatiani na kupewa karipio kali. Sejusa mwenyewe, wakati huo akiitwa Tinyefuza, alipotaka kuacha jeshi baada ya kutoa maoni yake mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1996, Mahakama ya Juu iliamua kwamba bado ni askari na hawezi kujiondoa hivi hivi. Wote hao walipigana msituni. Makosa yao yalikuwa barua, mahojiano, na ushahidi mbele ya wabunge. Linganisha na kuahidi kugombea urais na kuuteka mji mkuu wa jirani. Sikatai mtoto wa rais kuwa mwanajeshi, hata kuwa mwanajeshi mzuri. Ninachokataa ni kwamba sheria iliyomfunga Tumukunde kwa mahojiano ya redio haijawahi kumgusa huyu.

Nirudi kwenye jambo zito zaidi, la maneno yanayowalenga Waganda wenyewe.

Desemba 2021 mwandishi Kakwenza Rukirabashaija aliandika kwenye mtandao maneno ya kumkejeli Muhoozi, akamwita mnene na mtu wa hasira. Tarehe 28 Desemba wenye silaha walivunja mlango wakamchukua. Alifikishwa mahakamani Januari, akashtakiwa kwa mawasiliano ya kuudhi dhidi ya Rais na mwanawe, chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Alipopata dhamana alikamatwa tena mlangoni mwa gereza. Mwanzoni mwa Februari alisimama mbele ya kamera za televisheni akavua shati. Mgongo mzima, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa umejaa mistari ya makovu mapya. Baada ya hapo alitoroka nchi akafika Ujerumani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha mawasiliano ya kuudhi alichoshtakiwa nacho, kwa kuwa kilikuwa kinapingana na Katiba. Alishtakiwa basi kwa kosa ambalo halikupaswa kuwepo kwenye vitabu vya sheria. Makovu yakabaki.

Kisha likaja la Edward Ssebuufu, anayejulikana kwa jina la Eddie Mutwe, mlinzi mkuu wa kiongozi wa upinzani Bobi Wine. Alitekwa tarehe 27 Aprili 2025 upande wa Mukono. Familia yake na mawakili walizunguka vituo vya polisi bila kumpata. Siku chache baadaye Muhoozi aliandika kwamba mtu huyo yuko kwenye chumba chake cha chini, kwamba amekamatwa kama senene, na kwamba anafundishwa Kinyankole, lugha ya kwao Muhoozi, akaweka na picha yake akiwa kifua wazi, amenyolewa. Hiyo ndiyo habari uliyoonyeshwa na watoto. Nakuomba usiwaruhusu waicheke. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ni chombo cha serikali, iliagiza aachiwe. Tarehe 5 Mei alifikishwa mahakamani Masaka, mji wa shangazi yako, na kusomewa mashtaka ya wizi wa kutumia nguvu, akiwa na dalili za mateso kiasi kwamba hata Waziri wa Sheria wa serikali hiyohiyo, Norbert Mao, alisema hadharani kuwapeleka mahakamani watu walioshikiliwa kinyume cha sheria na kuteswa ni kuitumia vibaya mahakama. Katiba ya Uganda inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na inasema haki ya kutoteswa haiondolewi kwa sababu yoyote ile. Kuna pia sheria ya mwaka 2012 inayofanya utesaji kuwa jinai. Mkuu wa Majeshi aliandika mbele ya dunia nzima kwamba anamshikilia raia mahali pasipo kituo cha polisi, na hakuna mashtaka yaliyofunguliwa dhidi yake.

Unaona sasa tofauti ninayoisema. Kenya ilipotishwa, radhi ilikuja ndani ya siku mbili, imesainiwa na Rais. Eddie Mutwe hakuna aliyemwomba radhi.

Kwenye mahakama nako kuna mvutano unaopaswa kuufuatilia. Besigye, yule kanali wa zamani ambaye sasa ni mpinzani wa miaka mingi, alichukuliwa Nairobi Novemba 2024 na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia kwenye mahakama za kijeshi kunavunja Katiba. Muhoozi aliwashambulia majaji mtandaoni. Kabla mwaka haujafika katikati, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya jeshi yanayorudisha njia ya kuwashtaki raia huko, na Rais akasaini. Kwangu sheria hiyo ina hatari kuliko maandishi yake yote ya X, kwa kuwa maandishi hufutika kwa kidole kimoja, na sheria hukaa.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna Februari 2019, na kwa karibu miaka 3 wafanyabiashara wa pande zote mbili, watu kama wewe, waliumia. Mabalozi na marais wa nchi nyingine walijaribu kupatanisha bila mafanikio makubwa. Januari 2022 Muhoozi alikwenda Kigali, akazungumza na Rais Kagame, ambaye humwita mjomba, na tarehe 31 ya mwezi huohuo mpaka ukafunguliwa. Hilo ni jambo la maana alilolifanya, na hakuna sababu ya kulificha. Lakini hata sifa hiyo inaonyesha kasoro ileile: mkuu wa jeshi la nchi kavu ndiye aliyefanya kazi ya waziri wa mambo ya nje, kwa sababu ya ukoo wake. Njia iliyofungua Gatuna ndiyo iliyotoa kitisho cha Nairobi miezi 9 baadaye. Hakuna ofisi kati yake na dunia inayoweza kumwambia hili lifanye, hili liache.

Je, baba hamkanyi? Humkanya. Oktoba 2022 alimwomba radhi Kenya, na kwenye mahojiano ya televisheni mwezi uleule alisema mwanawe ataacha kuandika mambo ya nchi kwenye Twitter. Muhoozi akajibu kwamba yeye ni mtu mzima na hakuna atakayemkataza chochote. Januari 2025, baada ya kuandika kwamba anataka kumkata kichwa Bobi Wine, alitangaza anaondoka mtandaoni, kisha akarudi. Ninavyoona mimi, Museveni huingilia pale mwanawe anapohatarisha bandari ya Mombasa, biashara au urafiki wa serikali kubwa. Uganda haina bahari, na mafuta yake mengi hupitia Kenya, kwa hiyo huwezi kuacha Nairobi ikasirike. Mpinzani aliyepigwa hana bandari. Ndiyo maana upande huo hakuna karipio lililowahi kusikika.

Najua utaniuliza, mbona kwetu nako watoto wa viongozi wamo kwenye siasa? Wamo. Lakini kumbuka Makongoro Nyerere mwaka 1995 alisimama Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani, akakishinda chama alichokijenga baba yake. Mwalimu akiwa hai na akimpigia kampeni Benjamin Mkapa wa CCM. Ushindi ule ulikuja kutenguliwa mahakamani baadaye, kama wabunge wengine wanavyotenguliwa. Mtoto aliomba kura kwa wananchi, na hakuwa na kikosi chochote cha kumsaidia kuzipata. Mtu akiingia kwa kura anaweza kutolewa kwa kura, awe mtoto wa nani. Aliyeingia na kamandi ya vikosi maalumu hutolewa na nani? Uganda ilifuta ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri wa miaka 75 mwaka 2017, kwa hiyo swali hilo halina tarehe ya kujibiwa.

Kwa upande wako, biashara ya Mutukula haijawahi kusimama kwa sababu ya maandishi ya Muhoozi, na kile kituo cha pamoja cha forodha kinahudumia malori kama kawaida. Peleka mizigo yako. Siku watoto wakikuonyesha jipya, tazama kwanza kama msemaji wa jeshi au Wizara ya Mambo ya Nje wamelisemea, na kama ametaja jina la mtu, tafuta kama mtu huyo ameonekana na ndugu au wakili wake. Hilo la pili ndilo la haraka zaidi, maana kwenye kesi ya Mutwe kila saa ilikuwa na gharama yake mwilini mwake.

Ukiwa Kampala au Masaka, usichapishe wala kusambaza kwa simu yako maneno ya kumkejeli Rais au mwanawe, na usiende kwenye mikutano ya kisiasa kwa kutazama tu. Kuwa mgeni hakukulindi. Wakenya wawili wanaharakati walichukuliwa Uganda Oktoba 2025 baada ya kuonekana kwenye kampeni za Bobi Wine, wakashikiliwa zaidi ya mwezi bila mahakama. Wale waliachiwa kwa sababu Kenya iliwadai. Kwa hiyo unapovuka, mwachie mtu wa nyumbani nakala ya pasi yako, namba ya gari, na namba ya ubalozi wetu Kampala, na mwambie shangazi siku unayotarajiwa kufika.